Kasri la Mysore: la kutazama ni tele, la kuelewa uende nalo

Wageni wa kasri hili la Mysore, mji wa kusini mwa India, huingilia lango la Varaha, upande wa kusini. Viatu huachwa nje, kwa hiyo vaa soksi: mawe ya uani yakishapigwa na jua la mchana huchoma nyayo.

Ndani, umati husukumana mbele ya vitu vya dhahabu na kuupita haraka Kalyana Mantapa, ukumbi wa harusi wenye pembe nane. Kosa kubwa. Inua macho uone dari la vioo vya rangi lenye tausi, kisha shusha macho kwenye nguzo zake: ni chuma cha kusubu kutoka Glasgow. Kasri la zamani, la mbao, liliungua mwaka 1897 wakati wa harusi. Jipya likachorwa na Henry Irwin, yuleyule aliyechora makao ya Viceroy, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, kule Shimla, kaskazini mwa nchi, likakamilika mwaka 1912 kwa zaidi ya rupia milioni 4.1. Aliyeliagiza ni malkia Vani Vilas, akishika madaraka kwa niaba ya mwanawe Krishnaraja Wadiyar IV, aliyekuwa bado mtoto.

Gharama hiyo inatisha, hadi uilinganishe na rupia milioni 3.5 ambazo Mysore ilikuwa ikiwalipa Waingereza kila mwaka wakati huo. Hapo ndipo ziara inapopwaya: ukiingia bila historia kichwani utatoka na fahari tu. Kumbuka miaka hii mitatu. Mwaka 1799 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliuawa akipigana na Waingereza, nao wakamkalisha kitini mtoto wa miaka mitano wa ukoo wa kifalme wa Wadiyar. Mwaka 1831 wakampokonya utawala. Mwaka 1881 wakaurudisha kwa ukoo huo, kwa masharti yao. Mizinga 21 ya heshima alipigiwa maharaja, yaani mfalme wa Mysore. Vita na mambo ya nje hakuruhusiwa kuyagusa.

Taa, karibu 100,000, huwashwa jioni za Jumapili na sikukuu za umma, kwa muda usiofika saa moja. Simama upande wa mashariki, kasri linakoelekea. Wakati wa Dasara, sikukuu kubwa ya Kihindu ya Septemba au Oktoba, huwashwa kila jioni na kiti cha enzi cha dhahabu hutolewa kionekane, ila foleni zake ni za kukatisha tamaa. Asiye na subira achague mwezi mwingine.

Ukipata nusu siku zaidi, nenda Lalitha Mahal, kasri la mwaka 1921 lililojengwa mahsusi kwa ajili ya kumlaza Viceroy akija Mysore. Siku hizi ni hoteli.