Tathmini ya Recovery Record: miezi 18 baada ya tiba ya bulimia

Nilipomaliza tiba ya bulimia, ugonjwa wa kufakamia chakula kisha kujaribu kukifuta, kwa mfano kwa kujitapisha, hapa Uingereza, ambako mwongozo wa matibabu wa mwaka 2017 unapendekeza vikao visivyozidi 20 kwa kawaida, nilikabidhiwa karatasi mbili za mpango wa kuzuia ugonjwa usirudi na kushauriwa niendelee kutumia programu ya simu iitwayo Recovery Record. Nimeitumia kwa miezi 18 bila kulipa chochote, na kwa kuwa ndugu zangu wawili wa Mombasa wameniuliza kwa nyakati tofauti kama inafaa, naona ni vyema nieleze inafanya nini na inaishia wapi.

Kimsingi ni daftari la mlo. Kila ulapo, unaandika umekula nini, wapi, ukiwa na nani, ulijisikiaje, na kama ulishikwa na hamu ya kufakamia chakula au ya kujitapisha. Haihesabu kalori, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu programu ya kupunguza uzito niliyokuwa nayo zamani, ambayo sitaitaja jina, ndiyo iliyonifundisha kuogopa chapati. Utaratibu huu wa kujiandika umetoka katika tiba ya fikra na tabia, ambayo kwa magonjwa ya ulaji ilikuzwa na Christopher Fairburn na wenzake huko Oxford: mgonjwa aandike papo hapo, si usiku wakati ameshasahau nusu ya mambo na kuionea aibu nusu iliyobaki.

Ukumbusho wa saa za kula nao umenifaa. Tiba hiyo inataka milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, na isipite zaidi ya saa nne hivi bila kula, kwani njaa ya kujilazimisha tangu asubuhi ndiyo inayomfikisha mtu jikoni usiku wa manane. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipigana na usiku, kumbe vita vilikuwa vya asubuhi.

Sehemu ya mbinu za kukabili hamu inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa sana na ndiyo inayoeleweka vibaya. Mbinu iliyonisaidia kuliko zote ni ile ya kuliacha wimbi lipite, iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt kwa watu waliokuwa wakijinasua na ulevi. Hamu huanza, hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata usipoitii. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa sana kuwa maji yakishajaa hutoka. Ila niseme wazi kwamba hamu ikishapanda, akili haisomi maelekezo kwenye kioo cha simu. Mbinu ifanyiwe mazoezi siku ya utulivu, na iwe fupi: toka jikoni, weka saa ya dakika 15, piga simu. Mambo ya kupaka rangi kucha na kuoga maji ya moto niliyajaribu, na sina la kuyasifia.

Thamani halisi ya programu hii niliiona katika mwezi wa Ramadhani. Mwaka wa kwanza sikufunga. Mtaalamu wangu alinishauri hivyo, na shehe akanikumbusha kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Ruhusa nilikuwa nayo, lakini nyumba nzima ya mama mdogo, hapa Leicester, ilikuwa imefunga, nami nikawa napanda na sahani chumbani na kufunga mlango. Nilijiona mtiifu, maana milo yote ilikuwa imeandikwa kwa wakati. Siku ya saba nilipoipitia kumbukumbu, mstari baada ya mstari ulisomeka vilevile: chumbani, peke yangu. Kula kwa kujificha ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe, nami nilikuwa nimekurudisha kwa kisingizio cha adabu. Nilimwonyesha mama mdogo simu. Hakusema mengi, kuanzia kesho yake adhuhuri alinitandikia meza pamoja na wanawe wadogo ambao hawajafikia umri wa kufunga, na tukala wali wa kiporo wa daku.

Hapo ndipo programu ilipofika mwisho wa uwezo wake. Ilinionyesha tatizo, lakini meza ilitandikwa na mtu. Inaweza kuunganishwa na mtaalamu anayekutibu ili aone unachoandika, na nadhani hivyo ndivyo inavyostahili kutumiwa. Asiye na mtaalamu ampate walau mtu mmoja wa kumwonyesha kila wiki. Ningemwonya pia anayefikiri kwamba programu ya kompyuta inayojibu maswali kama mtu (chatbot) inaweza kushika nafasi hiyo. Mwaka 2023 NEDA, shirika la Marekani linalohusika na magonjwa ya ulaji, lililazimika kuizima yake iliyoitwa Tessa, baada ya kubainika kuwa iliwapa watu wenye magonjwa ya ulaji ushauri wa kupunguza uzito.

Zile karatasi mbili za kliniki, ambazo mwanzoni nilizidharau, leo nazipa alama za juu kuliko simu. Zimeandikwa dalili zangu za hatari kwa maneno yangu mwenyewe: kuruka chai ya asubuhi, kujipima uzito mara mbili kwa siku, kukwepa harusi kwa kuogopa shangazi watakaosema «umenenepa, mashaallah». Chini yake kuna mstari wa mama mdogo, kwa mwandiko wake: kujikwaa si kuanguka. Tofauti hiyo ni ya kitabibu pia, kwani usiku mmoja mbaya ni kujikwaa, na kinachoufanya kuwa anguko ni kuikosa chai ya kesho yake kwa kujiadhibu.

Siku hizi naandika mlo kwenye simu wiki za safari, za mitihani na za harusi tu, kwa sababu niligundua kuwa kujiandika kila siku kulikuwa kumeanza kunipa ile raha ya zamani ya kujidhibiti. Karatasi zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na nakala yake anayo mama mdogo.