Skana ipi ununue kwa vitabu vya maelekezo vya zamani

Kabla hujauliza bei ya skana yoyote, chukua kitabu chenyewe ukifungue katikati. Kama kimebanwa kwa pini mbili mgongoni na uko tayari kuzitoa, skana ya bei ndogo inakutosha. Kama kimegandishwa kwa gundi na mwenyewe hataki kiguswe, hapo ndipo hela zinapoanza kutoka.

Namba moja naipa Canon LiDE 300. Ni skana nyembamba ya kioo, inajiendesha kwa umeme wa waya wa USB tu, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea na laptopu yako. Boksi linajisifu dpi 2400 (nukta kwa kila inchi), achana nayo. Maandishi yanatosheka na 300, michoro ya waya yenye herufi za sisimizi ipe 600. Ndugu yake LiDE 400 anafika 4800, na kwa kazi hii sioni cha kumwongezea pesa.

Ubaya wa LiDE ni kwamba jicho lake halioni mbali. Ukurasa ukinyanyuka milimita chache tu kutoka kwenye kioo, pale kwenye mkunjo, herufi zinafifia. Ndiyo maana nilianza na pini. Zikunjue kwa ncha ya kisu butu, skani karatasi mojamoja, kisha zirudishe kwenye matundu yaleyale.

Nunua na karatasi nyeusi ya manila. Karatasi za vitabu hivi ni nyepesi, na mfuniko wa skana ni mweupe, kwa hiyo maandishi ya upande wa pili yanapenya kama kivuli. Laza manila juu ya ukurasa kabla ya kufunika. Ukurasa mzima utatoka na weusi kidogo, lakini huo unaung'arisha mara moja kwenye programu. Kivuli cha herufi utakifuta hadi usiku.

Namba mbili ni Epson Perfection V600, kwa vitabu visivyofunguka vizuri. Hiyo inaona hata kilichoinuka kidogo. Ni nzito, inataka soketi yake, na bei iko juu. Ukipata ya mtumba, mulika tochi ya simu kwenye kioo: ukungu ukiwa upande wa ndani, kitambaa chako hakitaufikia.

Tatu ni simu uliyonayo, na programu ya Adobe Scan ya bure. Kurasa nane za pasi au blenda, sawa. Kitabu cha kurasa mia cha cherehani, mkono utachoka na mistari itapinda.

Skana ya kumeza karatasi, mfano ScanSnap iX1600, naiweka mwisho, ingawa inapiga karatasi 40 kwa dakika pande zote mbili. Chembe moja ya vumbi kwenye jicho lake inachora mstari kutoka juu hadi chini katika kila ukurasa, na karatasi kuukuu inachanika humo ndani. Mwenye gereji yenye katoni za karatasi zilizo nzima aipandishe juu.

Kusafisha kurasa ulizoskani hakuna gharama, programu zake ni za bure: ScanTailor Advanced inanyoosha kurasa na kukata kingo, OCRmyPDF inafanya maandishi yatafutike, Kiswahili kikiwemo.

Ila chunga namna ya kupunguza ukubwa wa faili. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua mashine za kunakili na kuskani za Xerox WorkCentre zikibadilisha namba zenyewe: kwenye ramani ya nyumba, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote vilitoka na mita za mraba 14.13. Mashine ilikuwa ikifananisha alama zinazokaribiana na kutumia moja mahali pa nyingine ili faili liwe jepesi. Kwenye kitabu cha pikipiki, 6 ikigeuka 8 kwenye jedwali la kukaza boliti, kuna mtu atakata boliti. Kabla ya kuwatumia mafundi wenzako, weka karatasi kando ya skrini usome jedwali hilo namba kwa namba.