Kumbatiza mtoto mchanga au kumweka wakfu?
Kimaandiko, wanaoweka wakfu (yaani kumtoa mtoto kwa Mungu kwa maombi, bila kumbatiza) humtaja Hana akimtoa mwanawe Samweli kwa Mungu, na Yesu akiwabariki watoto katika Marko 10:16. Wanaobatiza husimama kwenye Matendo 16, jamaa nzima ilipobatizwa. Tofauti kubwa ni uzito wa tendo. Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri ubatizo ni sakramenti, yaani ibada takatifu ya neema ya Mungu, hautolewi mara mbili, na mtoto hupata wasimamizi wa kumlea kiimani. Kwa Wabaptisti na Wapentekoste, wakfu ni ahadi ya wazazi. Mtoto atabatizwa akiamini mwenyewe, na uhuru huo nauthamini sana. Maandalizi ya ibada hizi mbili yanakaribiana. Kama mmetoka makanisa tofauti, zungumzeni na wachungaji wa pande zote kwanza: aliyebatizwa utotoni huenda akatakiwa kubatizwa tena kwingine.