Neon Genesis Evangelion: itazame na watu wanaocheka

Mfululizo huu niliuanza mara mbili na mara zote nikauacha njiani. Nilikuwa peke yangu, usiku, vipokea sauti masikioni, nikisimamisha picha kila dakika kutafuta maana ya misalaba inayolipuka angani. Mara ya tatu niliutazama sebuleni kwa dada yangu tukiwa wanne: mimi, dada, mdogo wetu aliyemaliza kidato cha sita, na jirani ambaye ni fundi simu. Vipindi vyote 26 tulivimaliza kwa wikiendi tatu, na kilichotubeba ni utani. Utani wetu wenyewe, na ule wa mashabiki ambao dogo alikuwa anatusomea kutoka kwenye simu kila kipindi kikiisha.

Kwa asiyeujua: ni anime, yaani katuni, ya Kijapani iliyoongozwa na Hideaki Anno, ikarushwa TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Vijana wa miaka 14 wanaendesha majitu yanayoitwa Eva kupigana na viumbe wanaoitwa Malaika. Mwanzoni unaona ni hadithi ya roboti kama nyingine, lakini kadiri unavyosonga mbele, roboti zinapungua na mambo ya moyoni yanazidi, hadi mwisho umebaki na kijana kwenye kiti anaulizwa maswali. Nitafichua mambo kadhaa, kwa hiyo kama hupendi kujua mapema, ishia hapa.

Utani unaojulikana kuliko wote ni ule wa "panda kwenye roboti, Shinji". Shinji, kijana mkuu wa hadithi, ameitwa na baba yake, Gendo, ambaye alimtelekeza tangu mdogo, na siku ya kwanza tu anaambiwa apande jitu aende vitani. Akikataa, analetwa msichana aliyefungwa bandeji mwili mzima, juu ya kitanda cha magurudumu, ili apande badala yake. Mashabiki wamelichezea tukio hilo kwa kila namna, na wakati huohuo ukiangalia vizuri, sentensi hiyo moja ndiyo inayoonyesha baba huyu alivyo. Hana salamu, hana "umekula?", ana kazi tu.

Mama mkubwa, aliyekuwa akipita kwenda jikoni, aliona Gendo amekaa mezani, viwiko juu, vidole amevifumbata mbele ya mdomo, miwani inang'aa. Mkao huo mashabiki wanauiga dunia nzima. Yeye akasimama na sufuria mkononi: "Huyu mzee anasubiri kupandisha mahari?" Tukacheka mpaka dada akarudisha kipindi nyuma. Lakini ndivyo Gendo alivyo mfululizo mzima. Anajua kitu ambacho wenzake mezani hawakijui, na hana haraka ya kusema.

Kuna kebo. Kila Eva inaburuza waya mnene wa umeme mgongoni, na ukikatika, betri ya ndani inadumu dakika tano tu. Fundi simu akapenda hapo, maana ni mambo yake ya kila siku. Jina la waya huo ni kitovu, na rubani anakaa ndani ya mrija uliojaa maji anayoyavuta puani kama hewa. Kufika kipindi cha tatu dogo akatangaza: "Hilo siyo roboti. Hilo ni mama yake, anamrudisha tumboni kila siku." Tulimzomea. Mashabiki walikuwa na utani huohuo miaka na miaka, na tulipofika mbele tukakuta ni kweli tupu: mama yake Shinji yumo ndani ya lile jitu. Nimesoma chambuzi ndefu za mfululizo huu na hakuna iliyonifikisha hapo kwa urahisi kama ile kauli ya dogo akiwa na muhogo mdomoni.

Ndiyo maana nasema misalaba iachwe kwanza. Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji, alishaeleza kwamba alama za Kikristo ziliwekwa kwa sababu kule Japani alama hizo ni ngeni na zinapendeza machoni, wala hazikubeba fundisho la dini. Mimi zilinila usiku mbili. Wenzangu walioangalia baba, mama na mtoto, huku wakicheka, walikuwa wameshafika.

Kipindi cha sita nakipenda kupita kiasi. Malaika wake ni jiwe kubwa la buluu, limenyooka pande zote kama kito cha pete, linaelea juu ya mji likichimba chini taratibu. "Malaika gani hana hata uso?" akauliza mama mkubwa, safari hii ameketi kabisa. Ili kulipiga, umeme wa Japani yote unakusanywa kwenye bunduki moja, na unaona ramani ya nchi ikizima mkoa baada ya mkoa. Sisi tukauita mgao wa taifa. Mpango huo kwenye hadithi unaitwa Yashima. Sasa sikiliza: Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami, umeme ulipopungua Japani, mashabiki walianza kuhimizana mtandaoni wazime taa na vifaa, na kampeni wakaipa jina hilohilo, Yashima. Jina la kwenye katuni likawasaidia watu kuzima taa kwa ajili ya majirani. Nilipowasomea wenzangu habari hiyo, sebule ilinyamaza.

Kitu kingine ujiandae nacho ni picha zinazoganda. Kipindi cha 22, Rei, yule msichana wa bandeji, na Asuka, rubani mwenzake, wako ndani ya lifti. Hakuna anayesema. Hakuna kinachosogea. Unasikia mashine ya lifti tu, sekunde kama hamsini hivi. Fundi simu akainuka: "Bando limekata." Akashika simu iliyokuwa inatugawia intaneti, akazima data, akawasha, na wakati anahangaika Rei akafungua mdomo. Hiyo lifti ni utani mkubwa kwa mashabiki, wanapima muda wake kama mbio za mita mia nne.

Kipindi cha 24, jitu la Shinji limemshika mkononi Kaworu, rafiki mpya ambaye kumbe ni Malaika, picha imeganda tena, safari hii karibu dakika nzima, na juu yake unapigwa muziki wa Beethoven. Mkono wa fundi simu ulikwenda hadi karibu na simu ukaishia hapo. Hakuna aliyepumua. Shinji anatakiwa aamue kumuua rafiki pekee aliyemwambia anampenda, na mtengenezaji anakulazimisha ukae naye muda wote anaoamua.

Malalamiko ninayo. Toleo nililolilipia halina ule wimbo wa zamani wa Kimarekani uliokuwa unafunga kila kipindi zamani, na pengo linasikika. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria mama mkubwa mwanzo mwisho. Na siyo ya watoto, hata kidogo. Kuna damu, kuna mambo ya kitandani, kuna watu wanaovunjika moyo mbele yako. Anno mwenyewe aliandika, kabla haijarushwa, kwamba alikuwa ametoka kwenye miaka minne ya kushindwa kufanya chochote. Ukiwa unapitia wakati mgumu maishani, usiitazame peke yako.

Vipindi viwili vya mwisho vinafanyika ndani ya kichwa cha Shinji. Michoro ya penseli, maandishi, kiti cha kukunja, na maisha mengine ambamo Rei anachelewa shule akikimbia na kipande cha mkate mdomoni. Halafu wote wanamzunguka, wanapiga makofi, wanamwambia mmoja mmoja: hongera. Mashabiki hutumiana picha hiyo mtu akifaulu mtihani, akipata kazi, hata akimaliza kuosha vyombo. Mama mkubwa aliuliza, "Anaoa?" Nikamwambia hapana mama, amekubali kwamba anaweza kuwa hapa duniani. Akafikiri kidogo. "Basi hongera yake," akasema, na akapiga makofi pamoja nao.

Filamu ya 1997 tuliitazama siku iliyofuata, bila mama mkubwa, kwa sababu nilizozitaja. Sasa zimebaki zile nne mpya, za 2007 hadi 2021. Dogo ameshatuandaa: redio ndogo ya Shinji, kwenye mfululizo, inarudiarudia nyimbo namba 25 na 26, sawa na vipindi viwili vya mwisho, na kwenye filamu ya 2009 namba inaruka kwenda 27. Mashabiki wanasema kumbe hadithi inaendelea pale ilipoishia. Jumamosi tunaanza, na fundi simu amesema bando ni juu yake.