Huduma ya matetemeko ya USGS: inapofaa na inapopwaya kwa anayefuatilia mifululizo midogo ya maeneo ya ufa

Ukurasa wa matetemeko ya ardhi unaoendeshwa na Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani, USGS, hautozi chochote, hauna matangazo wala haumlazimishi mtu kujisajili, na muda mfupi baada ya tetemeko kubwa kutokea popote duniani huonyesha mahali, saa, ukubwa na kina chake. Tathmini hii inaupima kwa kazi moja tu, ambayo ni kufuatilia mifululizo ya matetemeko madogo katika maeneo ambako ganda la dunia linavutwa na kutanuka. Kwa kazi hiyo huduma hii ni bora sana katika baadhi ya maeneo na ni pungufu mno katika mengine, na kasoro yake kubwa ni kwamba ramani haimwelezi msomaji eneo analolitazama liko katika fungu lipi.

Kwa kawaida tetemeko kubwa hutokea kwanza, kisha madogo hulifuata yakipungua siku hadi siku. Mfululizo haufuati utaratibu huo. Matetemeko huja kwa makumi, mamia au hata maelfu, mengi yakikaribiana kwa ukubwa, bila moja kuyatawala mengine, na huweza kudumu kwa siku, wiki au miezi. Ganda linapotanuka hukonda na kupasuka. Maji ya moto, gesi ya kaboni dioksidi au magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hujipenyeza katika mipasuko hiyo, na shinikizo lake huilegeza miamba iliyokuwa imebanana hadi ikateleza. Ndiyo maana anayefuatilia mfululizo huhitaji kuona hata matetemeko madogo kabisa, kuwa na vipimo vya kina vinavyoaminika, na kujua kama vitovu, yaani mahali matetemeko yanapotokea, vinahama, kwa sababu magma inaposafiri chini ya ardhi vitovu huelekea kusafiri pamoja nayo.

Nianze na pale inapofanya vizuri. Jimbo la Nevada liko katika eneo la Basin and Range, ambako ganda la magharibi mwa Marekani limekuwa likitanuka kwa mamilioni ya miaka, na maabara ya mitetemo ya Chuo Kikuu cha Nevada kilichopo Reno huchangia vipimo vyake moja kwa moja katika orodha ya USGS. Mwishoni mwa Februari 2008 mfululizo ulianza chini ya Mogul, kitongoji kilicho pembezoni mwa Reno upande wa magharibi, ukaongezeka nguvu badala ya kufifia, na mwezi Aprili ukatoa tetemeko lenye ukubwa wa karibu 5 lililoharibu mali. Ukichagua tarehe hizo katika sehemu ya utafutaji na kuondoa kikomo cha ukubwa, utayaona matetemeko yakianza, yakiongezeka na kufikia kilele chake, yakiwemo madogo ambayo binadamu hawezi kuyahisi. Mtu asiye na mafunzo yoyote anaweza kupakua jedwali zima na kuchora mwenyewe mchoro wa mfululizo ulivyoendelea, na hilo ni jambo la kushukuriwa kwa dhati.

Hamisha sasa ramani hadi Afrika Mashariki, ambako vipande viwili vikubwa vya ganda la dunia, bamba la Nubia na bamba la Somalia, vinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Hapa huduma hubadilika tabia. Nje ya Marekani lengo la USGS ni kuchapisha matetemeko yenye ukubwa wa 4.5 na kuendelea, pamoja na madogo kiasi yaliyohisiwa au kuleta madhara, kwa kuwa vituo vya vipima mitetemo vinavyotuma taarifa moja kwa moja ni vichache na viko mbali. Mfululizo wa Julai 2007 karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, umo katika orodha kwa matetemeko yake makubwa, likiwemo lile la ukubwa wa 5.9 la tarehe 17 ambalo mtikisiko wake uliwafanya watu wa Nairobi kutoka nje ya majengo. Watafiti walibaini baadaye kwamba magma ilikuwa imepenya wima katika ufa chini ya Gelai bila kufika juu, na mwezi Septemba mwaka huohuo mlima wa jirani, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka kwa nguvu. Miaka ya 2013 na 2014, watafiti walipotandaza vituo vya muda zaidi ya 30 kati ya Natron na Magadi, walinasa maelfu ya matetemeko madogo, mengine yakiwa katika sehemu ya chini kabisa ya ganda, ambako gesi na vimiminika kutoka chini hupanda. Ukitazama kipindi hicho katika ramani ya USGS utadhani ardhi ilikuwa imetulia.

Jambo hili linastahili kusisitizwa kwa hesabu. Kwa kawaida, kila tetemeko moja la ukubwa wa 4 hulingana na takriban kumi ya ukubwa wa 3 na mia moja ya ukubwa wa 2, na katika mifululizo inayosukumwa na magma au maji ya moto fungu la madogo mara nyingi huwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo orodha inayoishia 4.5 hukosa sehemu iliyo kubwa mno ya mfululizo, na huenda ikakosa mfululizo mzima ikiwa hakuna tetemeko lililofikia kiwango hicho. Mtu anayelinganisha Nevada na Bonde la Ufa kwa kuhesabu nukta za matetemeko kwenye ramani hulinganisha mitandao ya vituo akidhani analinganisha ardhi.

Kina nacho kinahitaji tahadhari. Ukifungua orodha ya matetemeko ya eneo lenye vituo vichache utakuta mengi yameandikwa kilomita 10 kamili. Namba hiyo huwekwa kwa makusudi pale ambapo vipimo havitoshi kukokotoa kina halisi, na USGS wenyewe hulieleza hilo, ila maelezo hayo yako katika kurasa nyingine, mbali na jedwali linalosomwa na watu. Katika maeneo ya ufa hasara yake ni kubwa, maana tofauti ya kilomita 3 na kilomita 20 ndiyo tofauti ya magma iliyokaribia juu na vimiminika vilivyo chini kabisa ya ganda. Mahali pa kitovu pia huweza kupotoka kwa kilomita kadhaa, na mwendo wa vitovu hupotea ndani ya kosa hilo.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba huduma hii haina maana kwa Afrika. Kuanzia mwishoni mwa 2024 hadi mapema 2025, matetemeko yalipofululiza katika eneo la milima ya Fentale na Dofen nchini Ethiopia na maelfu ya watu wakahamishwa, mengi yalikuwa na ukubwa wa zaidi ya 4, na orodha ya USGS ilitosha kumwonyesha msomaji wa kawaida kwamba hali haikuwa inapoa. Pale magma inapofungua ufa mrefu, kama ilivyofanya Dabbahu huko Afar, pia nchini Ethiopia, mwezi Septemba 2005, ambapo ufa wenye urefu wa kilomita 60 ulitanuka hadi mita 8 katika sehemu yake pana kuliko zote, hata mtandao wa mbali hauwezi kukosa habari hiyo.

Atakayeitumia asibaki na mpangilio wa awali, unaoonyesha siku moja tu na ukubwa wa 2.5 na kuendelea, bali achague siku 30 na aondoe kikomo cha ukubwa. Tahadhari za barua pepe zinaruhusu kuchora eneo lako na kuweka kiwango chako; kwa eneo lenye vituo vichache, kuweka chini ya 4 hakuongezi mengi. Fomu ya kueleza ulivyohisi mtikisiko nayo isidharauliwe, kwa sababu pale vituo vinapokosekana, taarifa za watu ni miongoni mwa ushahidi mchache wa tetemeko dogo.

Kwa upande wa USGS, ombi langu ni kwamba kila msomaji anaposogeza ramani, pembeni paandikwe ukubwa ambao chini yake matetemeko ya eneo hilo hayaingizwi kwa ukamilifu, na kila kina kilichowekwa bila kukokotolewa kipewe alama ndani ya jedwali lenyewe.