TAHADHARI: huyo "Injinia" wa puli nyepesi ni mwizi, msitume hela!!

Jamani wenye magari ya GC8 (Subaru Impreza), Celica na Evo za zamani, kuna mtu upande wa Katwe hapa Kampala anajiita Injinia, anachonga puli za alumini kwa oda, ama ndivyo anavyosema. Mwizi huyo. Gari yangu ni GC8, injini yake ni EJ20.

Nilichotaka ni puli ya krenki tu, lile gurudumu la mbele ya injini linalozungusha beliti. Alumini uzito wake ni kama theluthi ya chuma, ukikanyaga injini inapanda haraka, hilo tunalijua wote. Nikamkuta na laptopu wazi, mchoro wa puli unazunguka kwenye skrini, vernia ya kupimia pembeni, na mizani ndogo ya kidijitali. Akaweka puli yangu ya kiwandani, akaitoa, akaweka ya kwake, ya bluu inang'aa, "soma mwenyewe ssebo (bwana)". Nikasoma. Nikaishika, nyepesi kama andazi. Akanionyesha mifereji ya beliti, akasema kwa beliti za PK, zile zenye mifereji mingi, mfereji mpaka mfereji ni milimita 3.56, pembe digrii 40, alumini ni ya daraja la 6061-T6, bluu ile ni anodaizi, rangi inayoshikana na alumini yenyewe, haichubuki. Yote hayo bila kuangalia karatasi! Sasa niambieni nani angemkataa, mwizi gani wa kawaida anajua vipimo vya mfereji wa PK? Nikatuma laki nane na nusu kwa mobail mani palepale, simu yake ikalia, akasema imeingia bosi, ngoja niipige balansi kidogo. Akaingia nayo nyuma. Nikasikia lethi, mashine ya kukerezea, inanguruma kabisa. Akatoka na boksi limezungushwa solotepu pande zote, eti nisifungue njiani vumbi litaingia kwenye mifereji. Vumbi! Kampala hii!

Fundi wangu alikuwa mazishini Masaka kwa hiyo kijana wake ndiye aliifunga, usiku, kwa tochi ya simu. Kesho yake niko Northern Bypass karibu na Bwaise, taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito ghafla, kufungua boneti beliti imeruka na imetafuna kava ya taiming (kifuniko cha mkanda wa ndani unaozungusha vali), unga mweusi wa mpira kila mahali. Bahati pampu ya maji ya EJ20 inazungushwa na taiming beliti, la sivyo ningeichemsha injini pale kwenye jamu.

Fundi aliporudi akaitoa, akacheka, halafu akaacha kucheka. Ndani ya tundu la katikati ya puli kuna kipande cha kopo la soda kimekatwa na kukunjwa kuziba nafasi, maandishi bado yanasomeka! Njia ya ki, kile kichuma kinachoifunga puli kwenye krenki isizunguke peke yake, imepigwa tupa kwa mkono. Upande wa nyuma umejaa vitundu vya hewa, yaani ni masufuria na pistoni kuukuu zimeyeyushwa zikamwagwa kwenye mchanga. Akapitisha kitambaa chenye thina, bluu yote ikabaki kwenye kitambaa. Ile niliyoishika mimi ilibaki nyuma, inamsubiri mjinga mwingine, sorry, mteja mwingine.

Na msianze kuitukana Katwe yote, pale kuna wazee wanakereza kazi safi kuliko vya kuagiza. Huyu ni mdudu mmoja. Nimeenda kwa mwenyekiti wa LC (serikali ya mtaa), anasema tuongee tuelewane, tuelewane nini? Aende jela ya Luzira, alale kwenye sakafu, na vidole vyake vifungwe asishike vernia tena. Puli ikicheza inakula ki na pua ya krenki, ikifika huko gia ya taiming inahama na vali zinakutana na pistoni, huyo ni mtu wa kumwachia kweli?

Haya, dalili: anataka hela yote siyo advansi, hataki fundi wako aje, risiti haina jina. Na ukimuuliza kuhusu ule mpira ulio katikati ya puli nyingi za kiwandani anasema ni wa kupunguza kelele tu, muongo, unazuia krenki isitetemeke kwa kujipinda. Mengine nitakumbuka.

Wewe wa Celica uliyeniambia umeshampa oda, nenda leo na fundi wako, boksi lifunguliwe mbele yenu, na mbebe thina.