Brashi ya kunyolea ndevu: sintetiki au nywele za nguruwe?

Anayeanza kunyoa kwa brashi na sabuni, mimi namshauri achukue ya sintetiki, yaani ya nyuzi za kiwandani. Nyuzi zake hazinywi maji: unaichovya, unaikung'uta, unasugua sabuni, na povu linapanda upesi. Hainuki, tena hukauka mapema.

Ya nywele za nguruwe, kama zile za Omega kutoka Italia, inataka subira. Huloweshwa dakika kadhaa kabla ya kazi, siku za mwanzo hunuka mnyama, na ncha zake hulainika baada ya wiki nyingi. Ikishazoea, huchota sabuni ngumu vizuri mno. Ila kwa Waislamu wengi, neno nguruwe limeshamaliza mjadala.

Kasoro ya sintetiki? Hurudi kama springi na kurusha povu. Kioo changu ni shahidi. Kwa ukubwa, fungu la nyuzi lenye upana wa milimita 24 linatosha.